Kaka wa sabtaito Sinza: nimempelekea video kumi za cherehani, haya ndo niliyoyaona

Elfu tisini na sita. Ndo hela niliyomlipa huyu kaka wa Sinza aniwekee sabtaito, yaani maandishi ya yale ninayoyasema, kwenye video kumi, jumla dakika 64, yaani buku jero kwa dakika, na nasema mapema kabisa kwamba hela yangu imeenda sehemu sahihi, japo kuna vitu vilinikera na ntavitaja vyote. Mi ni fundi cherehani, nina darasa dogo la mabinti huku Tandika, Dar, na tangu mwaka juzi narekodi masomo kwa simu, yale marefu naweka YouTube na vipande vifupi natuma kwenye grupu letu la WhatsApp, kuanzia kujaza uzi kwenye bobini mpaka kushona gauni la solo. Maandishi sikuwahi kuyafikiria. Nilikua nikiyaona kwenye video za watu nadhani ni urembo, vijana wanapendezesha kazi yao basi.

Kilichonibadilisha ni mwanafunzi mmoja. Ni binti kiziwi tangu mdogo, alikuja na dada yake mwezi wa pili, anaongea kwa lugha ya alama na Kiswahili anasoma na kuandika vizuri tu (na jamani tuache kuwaita bubu, hawapendi na wana haki ya kutopenda). Darasani hana shida kubwa, anakaa mbele kabisa, macho yake hayatoki kwenye mikono yangu, akikwama anaandika kwenye daftari namjibu humohumo. Shida ni video. Wenzake wakikosa somo wanaangalia video usiku wanakuja kesho yake wanajua, yeye akaniandikia kwenye daftari "Madam kwenye video unasema nini?" na mimi sikua na jibu kwasababu kwenye video zangu naongea mwanzo mwisho, mikono inafanya kitu kimoja mdomo unaelezea vitatu.

Kwaiyo nikafanya wanachofanya wengi. Kuna programu ya simu ya kuediti video, ina kitufe cha kuandika maneno yenyewe, unabonyeza inasikiliza sauti yako inamwaga maandishi. Dakika mbili kazi imeisha. Nikaona yametokea chini, meupe, yanakimbiana na sauti, nikafurahi sana nikamtumia siku hiyohiyo. Sikuyasoma yote. Hapo ndo kosa langu lilipo na sitalisogeza kwa mtu mwingine.

Video yenyewe ilikua ya blauzi yenye mpasuo mbele shingoni. Wanaoshona wanajua, ule mpasuo haukatwi kwanza. Unachora mstari, unalaza bitana (kile kitambaa cha ndani) juu, unashona kuuzunguka ule mstari, alafu ndo unapitisha mkasi katikati ya mishono miwili. Ukikata kabla, kitambaa kinachanika nyuzi na kinavutika, shingo inakua imeharibika na hakuna namna ya kuirudisha. Mimi nimesema kwenye video, naikumbuka mpaka leo, "mpasuo wa mbele usikate mpaka umeshashona bitana." Maandishi yakasema "mpasuo wa mbele ukate mpaka umeshashona bitana."

Akakata. Kitenge cha mama yake, kile cha kwenye sanduku ambacho mtu anakupa kwasababu anakuamini. Akanitumia picha WhatsApp, "Shkamoo madam. Nimekata kama ulivosema ila naona inachanika, nifanyeje?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kwakweli. Nilirudia kuangalia ile video nikiwa nimezima sauti kabisa, kwa mara ya kwanza tangu nianze kurekodi, nikaona kitu alichokua anakiona yeye. Nusu inchi imeandikwa "nusu nchi" kila mahali. Pinda imeandikwa kwa herufi kubwa kama jina la mtu. "Laza kitambaa" imekua "lazima kitambaa". Na hizo ni afadhali maana mtu anaweza kubahatisha, lakini ile ya usikate na ukate hakuna anayeweza kubahatisha, sentensi yote iko sawa, inasomeka vizuri, ni "si" moja tu imemezwa. Kiswahili chetu kukataza kwingi kumebebwa na kasilabi kadogo mwanzoni mwa neno, usi-, hau-, hatu-, ukiongea haraka kanapita chini chini, sikio la mtu linakanasa kwasababu anajua unachoelekea kusema, mashine inabahatisha. Kwa mtu anayesikia haina madhara kwasababu sauti yangu ipo palepale inamsahihisha. Kwa huyu binti maandishi ndo sauti yangu, hana nyingine ya kulinganisha.

Kitenge nikamlipa. Alafu nikaanza kutafuta mtu.

Kumpata haikua rahisi. Ukimwambia mtu wa video unataka kapsheni anadhani unataka yale maneno ya kuweka chini ya posti Insta, ukisema manukuu wengi hawaelewi japo ukiweka YouTube kwa Kiswahili ndo neno lililopo, ukisema sabtaito anakuuliza unataka kutafsiri kwenda Kingereza. Nafikiri ni kwasababu sisi tumekulia kwenye vibanda umiza, muvi ya Kichina au ya Kihindi inatafsiriwa kwa sauti, jamaa anaongea juu ya picha mwanzo mpaka mwisho na watu wanacheka na kulia naye, hatukuzoea kusoma kwenye skrini. Ule utamaduni naupenda sana ila nimekuja kugundua kwamba pale kibandani kiziwi alikua hapati chochote, si Kichina si Kiswahili.

Mwisho fundi simu mmoja Kariakoo ndo akanielekeza kwa huyu kaka. Ukitoka mjini unapanda mwendokasi unashuka Shekilango, unachukua bajaji unaingia Sinza, ana chumba kimoja nyuma ya stationeri, kompyuta mbili, feni, basi. Nilitegemea aniulize dakika ngapi na nina haraka kiasi gani. Swali lake la kwanza lilikua, "Dada, atakayesoma ni nani?" Nikamuelezea binti na kitenge. Akanyamaza kidogo, akasema "basi hizi tutazifanya kama vile hakuna sauti kabisa", akachomoa spika za kompyuta, tukaangalia video yangu ya kwanza dakika nne nzima kimyakimya mimi na yeye, yeye anaandika kwenye karatasi kila sehemu ambayo hajaelewa naonyesha nini. Alijaza kurasa moja na nusu. Kwa hilo peke yake ningemlipa.

Sasa kazi yenyewe anavyoifanya. Haamini mashine ila anaitumia, alinambia wazi, anaacha programu isikilize na itoe rasimu ya kwanza ili asianze kuchapa kila neno, alafu anakaa na sauti kwenye hedifoni anapita mstari kwa mstari. Kila penye kukataza anasimamisha na kurudia. Anafanyia kwenye Subtitle Edit, programu ya bure ya Windows, nimeiona kwa macho yangu na nimeshaiweka kwenye laptopu ya mdogo wangu. Juu kushoto kuna orodha ya mistari yako, kulia video, chini kuna mchoro wa sauti yako kama milima na mabonde, unaona kabisa neno linapoanza na linapoisha, unavuta kingo kwa mausi mpaka zikae. Na mstari ukiwa mrefu kuliko muda wake inakugeuzia rangi, inakwambia hapa msomaji hatawahi.

Kinachotoka mwisho ni faili ndogo sana, maandishi matupu, jina lake linaishia na .srt. Alinifungulia kwenye notipadi nione ndani kukoje nikashangaa kilivyo kitu chepesi:

12
00:01:04,200 --> 00:01:07,000
Mpasuo wa mbele USIKATE.
Shona bitana kwanza.

Namba ya mstari, muda wa kutokea, muda wa kupotea, maneno, nafasi tupu, mstari unaofuata. Ndo hivyo tu toka mwanzo mpaka mwisho. Hizo 200 baada ya mkato ni sehemu za elfu za sekunde, na ni lazima iwe mkato, kuna aina nyingine ya faili ya kwenye tovuti inaitwa WebVTT hiyo inatumia nukta, ukichanganya inaweza kugoma. Neno USIKATE kwa herufi kubwa lilikua wazo lake. Nilimwambia si utakua kama unamfokea, akasema dada wewe kwenye video umelikazia sauti, na sauti yenyewe ndo hii hapa.

Hapo kwenye kukazia nikaanza kuelewa kwamba kuandika nilichosema na kumfikishia mtu nilichosema ni kazi mbili. Kuna kitu kinaitwa spidi ya kusoma, mara nyingi wanahesabu herufi kwa sekunde na sio maneno, na kwa Kiswahili hilo ni la muhimu sana kwasababu neno letu moja linaweza kubeba sentensi nzima ya watu wengine. Alinipa mfano kutoka kwenye mdomo wangu mwenyewe, "nitakapokiunganisha", neno moja, herufi 19. Na urefu wa mstari nao unahesabiwa kwa herufi, Netflix mstari mmoja wa sabtaito kwa lugha nyingi hauzidi herufi 42, na mistari haizidi miwili, kwaiyo hilo neno langu moja limeshakula karibu nusu ya mstari. Na hizo ni za video ya kulala. Mi video zangu nyingi za WhatsApp ni za kusimama, simu imeshikwa wima, mstari unakua mfupi zaidi, ukijaza herufi 42 inabidi maandishi yawe madogo mpaka mtu asogeze simu puani.

Kwaiyo anapunguza. Nilisema "sasa hapa mimi nitakapokiunganisha hiki kipande na kola mtaona nimeacha nafasi kidogo pale pembeni si mnaona eeh", yeye akaandika "Nikiunganisha na kola, / naacha nafasi pembeni." Maana ipo yote, na macho yanapata muda wa kuinuka yaangalie mikono. Hili alinifanyia jaribio, aliweka maneno yangu yote kama yalivyo akaniambia soma mpaka mwisho, nikasoma, akaniuliza kidole gumba kilikua wapi. Sikujua. Video ya kushona ambayo unaisoma tu huoni mikono ni sawa na hujaangalia.

Ila hapa ndo tulipogombana mara ya kwanza. Kwenye video ya tatu nilikua nimesema "cherehani ikigoma usiilazimishe", yeye akaandika "mashine ikishindwa kufanya kazi usitumie nguvu". Ndefu kuliko nilichosema! Na sio mimi. Wanafunzi wangu wananijua naongeaje, huyu binti ananijua kwa daftari naandikaje, nikiandikiwa Kiswahili cha taarifa ya habari anasoma mtu mwingine anayetumia mikono yangu. Akajitetea kwamba maandishi yanatakiwa kuwa sanifu. Nikamwambia kaka, kupunguza nimekubali kwasababu umenionyesha sababu, kunibadilisha hapana, wanaosikia wananisikia na ugoma wangu na ulazimishaji wangu, na yeye anastahili hivyohivyo. Alirudi kwenye video zote kumi akarudisha maneno yangu, hakuongeza hela. Lakini ukienda kwake liseme mwanzoni kabisa, usisubiri.

La pili, hajui ushonaji na hakuniuliza mapema. Kila nilipotamka gamu, ile tunayobandika kwa pasi kwenye kola ikae imara, yeye aliandika gundi, akidhani ananisahihisha. Sasa mtu apake gundi kwenye kola! Niliikuta kwenye kukagua, sehemu sita. Ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichanike nyuzi, nayo kaiandika namna tatu tofauti kwenye video moja, na kwa mtu anayesoma neno likibadilika sura anaweza kudhani ni kifaa kingine. Nilikaa usiku mmoja nikamwandikia karatasi ya maneno yetu ya fani kama arobaini hivi, bitana, upindo, gamu, ovaloki, bobini, yote na tahajia ninayoitaka, akaibandika ukutani juu ya kompyuta. Kuanzia hapo hakukosea tena. Hii karatasi nenda nayo siku ya kwanza, uwe fundi umeme, uwe mpishi, uwe mwalimu wa kemia, kila fani ina maneno ambayo mtu wa nje atayageuza akidhani anasaidia.

Sasa niseme kilichonigusa kuliko vyote. Kwenye video ya matatizo ya cherehani kuna sehemu naendesha mashine alafu nasema "mnasikia huo mlio? ukisikia hivyo simama". Basi, sikuelezea mlio wenyewe, nani angeelezea, si unasikika. Kaka akasimamisha video akaniuliza "mlio gani?" Nikamwambia kama kugonga, tak tak tak, sindano imepinda au imejifunga vibaya inagonga kwenye chuma chini. Akaandika kwenye mabano, (cherehani inagonga: tak-tak-tak). Ndo nikajua hii ni tofauti kubwa kati ya sabtaito ya kutafsiri muvi na maandishi ya mtu asiyesikia. Ya kwanza inachukulia kwamba unasikia ila hujui lugha, inaandika mazungumzo tu. Ya pili inatakiwa ikwambie na mlango umegongwa, na mtoto analia nyuma, na nani anaongea kama haonekani kwenye picha.

Nilimtumia binti ile sehemu kwanza kabla hatujaendelea. Akajibu, "Madam huo mlio mi nausikia mkononi. Nikiweka kiganja kwenye meza ya cherehani ikiwa nzima inatetemeka laini, ikiharibika inapiga." Miaka kumi na nane nashona, nimekaa na hilo jibu. Kwaiyo mstari wa sasa unasomeka hivi: (cherehani inagonga: tak-tak-tak) na unaofuata, "Weka kiganja mezani, utasikia inapiga." Na wanafunzi wanaosikia nao wameanza kuweka kiganja, maana darasani mashine zikiwa nane zinaunguruma kwa pamoja hata ukiwa na masikio mazima huwezi kujua ya kwako ndo inagonga au ya jirani.

Mambo ya muonekano ntapita haraka ila yapo mawili muhimu. Maandishi meupe matupu kwenye kitenge hayasomeki, kitenge kina maua, kina njano, kina nyeupe, herufi zinapotelea humo, inabidi yawe na kisanduku cheusi nyuma. Aliniwekea hivyo bila kumwambia. Na kwenye video za kushona mikono iko chini ya picha, ndo palepale maandishi yanapokaa, kwaiyo kwenye sehemu za mkono wa karibu aliyapandisha juu. Kwa wanaoweka TikTok na Insta vilevile msiweke chini kabisa, pale panazibwa na jina lako na yale maneno ya posti, na kulia kuna vitufe.

Alafu kuna suala la namna mbili za kukabidhiwa kazi, ambalo sikulijua na watu wengi wananiuliza. Moja anakupa faili la .srt peke yake, video haiguswi. Unaingia YouTube Studio, unaenda kwenye manukuu, unachagua Kiswahili, unapakia faili lenye muda, kwisha, mtazamaji anawasha na kuzima anavyotaka. Hilo ukikuta kosa unafungua faili unarekebisha neno moja unapakia tena, video haisumbuki. Na hilohilo faili ukilipa jina sawasawa na la video ukaviweka folda moja, VLC ya kwenye kompyuta inalisoma yenyewe bila intaneti, ndo tunavyofanya darasani kwenye laptopu. Ila hakikisha halijaseviwa kama faili la Word, fungulia notipadi tu. Namna ya pili maandishi yanachomewa ndani ya video moja kwa moja, hayazimiki. WhatsApp inabidi iwe hivyo kwasababu ukituma video kule hakuna pa kuambatisha faili lingine. Ubaya wake kosa likishachomwa limechomwa, unarudia video nzima. Mi nimechukua zote mbili, na alinibana ukubwa za WhatsApp zisile bando la watu, nilivyomuomba alielewa haraka maana anajua hali.

Kuchelewa. Aliahidi Jumanne, nimepata Ijumaa. Sababu ya kwanza umeme, sawa, sababu ya pili alipokea kazi ya harusi katikati, hiyo sikuipenda na nilimwambia. Simu hapokei akiwa amevaa hedifoni, ambayo ni siku nzima, mtumie meseji. Na kama kwenye video wanaongea watu wawili au kuna muziki juu ya sauti bei inapanda mpaka elfu mbili kwa dakika, hakunambia mpaka nilipouliza. Muziki hasa anauchukia na sasa namuelewa, nimeuondoa kwenye video zangu zote mpya, hata masomo yenyewe yamekua na utulivu.

Mtu anaweza kusema elfu tisini na sita kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Sio mmoja. Tangu niweke nimeambiwa na mama mmoja wa Mbagala anaangalia kwenye daladala sauti imezimwa, mwingine ana mtoto mchanga analala kitanda hichohicho, mzee mmoja fundi wa zamani sikio moja limeshachoka anasema sasa hashikilii simu shavuni. Lakini hata angekua mmoja. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na ule mkataba unataja mpaka vipindi vya televisheni na filamu viwe katika namna ambayo mtu mwenye ulemavu anaweza kuvipata. Sisi wa video za simu hatuna wa kutukagua. Mwanafunzi analipa ada sawa na wenzake, somo apate sawa na wenzake.

Nisiyafanye maandishi kuwa dawa ya kila kitu maana binti mwenyewe amenikanya. Kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, Kiswahili cha kuandika wamekifuata baadae shuleni, kina mpangilio wake tofauti kabisa, na sio wote waliopata shule nzuri. Ana rafiki zake wa huko Buguruni ambao wakiona mistari miwili inapita haraka wanachoka. Aliniambia kwao mtu anayetafsiri kwa alama pembeni ya picha ni bora mara mia. Kwaiyo ile video ya mpasuo wa shingo tumeirudia upya. Mimi nashona, yeye amesimama ukutani palipopakwa rangi moja, amevaa blauzi nyeusi mikono ionekane, anatafsiri. Kaka wa Sinza akamuweka kwenye kona ya kulia juu kwa elfu kumi, na mara ya kwanza alimuweka mdogo kama stempu, binti akakataa, akaandika kwenye daftari "vidole vyangu havionekani", akamkuza mpaka robo ya skrini. Malipo ya kutafsiri nimempa yeye binti, ni kazi kama kazi nyingine.

Video zangu nyingine saba nampelekea wiki ijayo na nimeshamwambia sitaki harusi katikati. Ukienda, asubuhi ndo nzuri kabla stationeri haijajaa watu wa fotokopi, Jumapili hafungui. Beba video zako kwenye flashi, WhatsApp inazibana zinafika na sauti mbovu. Na ile karatasi ya maneno.